Pazia la Harusi na Punda wa Vipande Vinne

Shangazi yangu aliletewa fomu kutoka Nairobi, na fomu ikaletwa kwangu, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, na pia ndiye ninayeonekana sina kazi siku zote. Ilikuwa fomu ya maonyesho ya sanaa. Waandaaji walitaka kujua mizizi ya msanii, maadili yake, na namna kazi yake inavyoihusisha jamii. Chini ya kila swali waliacha mistari mitatu.

"Mizizi?" Shangazi akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye ubao aliokuwa akiuchonga. "Kwani mimi mhogo?"

Nikaandika: Mhogo.

"Futa."

Nikafuta. Akapuliza unga wa mbao, akaupapasa ubao kwa kidole gumba, akasema, "Andika unalolijua wewe. Lakini usiongeze chumvi."

Hilo neno la chumvi lina kisa kati yetu, na kisa chenyewe hakitoshi mistari mitatu.

Kwanza mumjue. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Baba anafanya kazi ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa bandari mpya karibu na Kililana, anarudi mwisho wa juma akiwa amechoka kiasi cha kukubali kila ninachomwomba. Kwa hiyo siku nyingine zote niko chini ya Shangazi, ambaye hakubali chochote. Ukimuuliza anafanya kazi gani, inategemea umemkuta saa ngapi. Asubuhi anachonga mbao. Adhuhuri utamkuta amepanda ngazi anatia nakshi ya chokaa kwenye ukuta wa mtu. Alasiri anashona kofia barazani. Kukiwa na harusi anachora piko mikononi mwa watu, na jioni ya kuamkia sherehe anatunga nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huimba wakigonga pembe za nyati. Nyimbo zake zina meno. Wanaume wa mtaani kwetu huwa na adabu ya ajabu mwezi mzima kabla ya harusi, maana kila mmoja anaogopa kuingia kwenye wimbo.

Uchongaji alioupata kwa babu yake ulikuwa wa kuiba. Mzee alichonga milango, na hakuwa na habari ya kumfundisha mtoto wa kike. Alimpa ufagio. Shangazi akafagia maranda karakana nzima, kila siku, miaka, akifagia taratibu sana, mpaka akajua kuchonga. Hadi leo akiwa anafagia nyumba sisi tunajua kuna kitu anakitazama.

Na ana ukaidi mmoja: hafanyi kitu cha kutazamwa tu. Benchi lililoko karibu na gati, wanalokalia kina mama wakingoja boti, ni kazi yake. Lina nakshi kuanzia mgongoni hadi miguuni. Mgeni mmoja alimwambia ni dhambi kuliacha nje, watu wanalikalia, litachakaa. Shangazi akamjibu, "Bwana, makalio ya watu ndiyo vanishi bora." Nilikuwepo. Nilianguka kwa kicheko, nikafinywa sikio.

Sasa, kisa.

Mtaani kwetu, siku ya wanawake ya harusi, uchochoro hufungwa kwa pazia ili anayepita ndia kuu, njia ya watu wote, asichungulie ndani. Mitaa mingine ina mapazia ya heshima. Sisi tulikuwa na turubai la mgombea. Alikuja wakati wa kampeni, akagawa maturubai yenye uso wake, akashindwa, akaondoka, uso ukabaki. Ni uso mkubwa, una tabasamu, kidole gumba kimeinuliwa, na chini yake maandishi: WAKATI NI HUU. Kila bi harusi wa mtaa wetu kwa miaka sita amepita chini ya bwana yule na kidole chake. Binamu yangu mmoja alipopita, akasoma maandishi, alicheka mpaka wanja ukamwagika.

Shangazi ndiye aliyesema yatosha. Alitaka pazia lishonwe kama kofia, kitambaa cheupe chenye vitundu vya nakshi, na lishonwe na mtaa wote. Vipande kumi na viwili, kila kimoja kama foronya ya mto, nyumba kumi na mbili. Akija kufa mtu, asemwe, kile cha kona ni cha mkono wake.

Hapa lazima nieleze kazi ya kofia, vinginevyo hamtaelewa nilivyokosa. Kofia zetu za kutoboa mara nyingi hazimalizwi na mtu mmoja. Mchoraji huchora kwa penseli juu ya kitambaa. Kisha kitambaa huenda kwa mshonaji, anayetoboa vitundu kufuata mistari na kukizungushia uzi kila kitundu, kimoja kimoja, wiki kwa wiki, na penseli hupotea ikifuliwa. Na kuna adabu yake ambayo kila nyumba inaijua: mshonaji hamuulizi mchoraji. Mstari ukienda kushoto, uzi unakwenda kushoto. Hata ukiona ajabu, unashona, unaamini kwamba mwenye penseli alikuwa na akili timamu.

Wanawake walikubali kwa sharti moja, na lililetwa na Bi Mkubwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye ameshona kofia tangu kabla ya baba kuzaliwa. "Maua, sawa," alisema. "Majani, nyota, mawimbi, sawa. Chenye roho, la. Siweki mnyama yuu ya kitwa cha bi harusi mimi." Shangazi akaweka mkono kifuani mbele ya wote akasema hakutakuwa na chenye roho. Hapo ndipo vitambaa vikapokewa.

Shangazi alichora nakshi nzima kwenye karatasi kubwa, matawi yanayopandana na maua na mawimbi, akanipa mimi niihamishie kwenye vipande kumi na viwili. Mimi! Wanawake waliguna. Rekodi yangu wanaijua. Ni mimi niliyewahi kupanga viatu vya watu wote waliokuja kwenye maulidi kwa ukubwa, kikubwa hadi kidogo, wakatumia saa nzima kutafutana. Shangazi akawaambia, "Mkono wake ni mzuri. Kinachomsumbua ni mdomo, na mdomo hauchori." Kisha akanigeukia. "Fuata karatasi. Usiongeze chumvi."

Ilikuwa likizo. Nilichora siku sita kama malaika. Siku ya saba nikachoka na umalaika.

Kuna punda mmoja wa kubeba mawe, sikio lake la kushoto lina pengo, nani ajuaye aling'atwa au alikwama wapi. Kila nikikaa pale mlangoni kuchora, alikuwa akisimama, anaingiza kichwa, ananitazama kama mwalimu wa zamu. Siku hiyo ya saba nikaamua kumtendea haki. Vipande vinne vya katikati, ukiviunganisha, nikamweka humo. Sikumchora wazi, mimi si mjinga wa kiwango hicho. Masikio yalikuwa majani mawili makubwa. Meno yalikuwa safu ya punje za komamanga lililopasuka. Tumbo lilikuwa vichaka vya maua madogo madogo, na mkia tawi linaloning'inia. Kila kipande peke yake kilikuwa bustani. Nilikata hata lile pengo la sikio.

Nilikusudia kusema. Wallahi. Nilitaka Shangazi arudi, nimpangie vipande sakafuni, acheke, anifinye, nifute. Ila aliporudi mimi nilikuwa nimetumwa mkate, na niliporudi na mkate alikuwa ameshavigawa vitambaa vyote nyumba kumi na mbili. Kati ya vile vinne vya punda, kimoja kilikuwa kwa Bi Mkubwa. Kimoja kwa mama wa bi harusi, yule ambaye harusi ya mwanawe ndiyo ingelizindua pazia. Kimoja alikipokea mwalimu wangu wa Hisabati, mwanamke wa bara, Mkristo, mpangaji wa nyumba ya mkabala, aliyeomba mwenyewe afundishwe kushona. Na kimoja alikibakiza Shangazi.

Nikasema nitasema kesho. Kesho zikawa miezi mitatu. Mzaha usiposemwa mapema ni kama samaki uliyemsahau kwenye mkoba wa shule: kila siku unajua yuko, na kila siku kuufungua mkoba kunakuwa kugumu zaidi. Nilikuwa napita barazani naona wanawake wameinama, wanatoboa, wanazungusha uzi, wanasifiana. "Mashaallah, tazama komamanga hili lilivyokuja!" Nami natabasamu kama yule mgombea.

Jumapili kabla ya harusi vipande vikarudi, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Harusi ilikuwa Alhamisi. Shangazi akavitandaza kwenye ua wa ndani, akavipanga, akapanda ngazi kutazama kutoka juu. Nilikuwa chini. Nikamwona anatazama. Nikamwona anapindisha shingo.

Punda alikuwa mzuri, lazima niseme. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, jua linapita vitunduni, amesimama katikati ya bustani anacheka meno yote. Nilitoa sauti, nusu kicheko. Ile nusu ya pili ilinikwama nilipoona Shangazi anashuka ngazi polepole, ameshika ukuta.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye kipande cha juu kulia, akaweka kidole kwenye lile tawi linaloning'inia.

"Mkia nimeushona mwenyewe," akasema.

Kidole kikalifuata tawi hadi ncha.

"Nililiona tawi hili. Nikasema, mbona silikumbuki? Nikasema, nimeanza kuzeeka, nasahau mchoro wangu." Akanitazama. "Sikusema, mtoto amenichezea. Halikunijia kabisa."

Nilitamani anifinye. Sikio lilikuwa tayari.

Mambo yalikuwa wazi bila kuelezwa. Shangazi alikuwa ametoa ahadi mbele ya nyumba kumi na mbili. Pazia likipanda na mnyama, hapana mwanamke ambaye angemwamini tena na kitambaa, na mama wa bi harusi asingemruhusu mwanawe apite chini yake. Lisipopanda, miezi mitatu ya watu ingebaki kabatini, na turubai la mgombea lilikuwa limekunjwa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, kwa mama huyohuyo, tayari kabisa. Bwana yule hachelewi.

"Nitafumua vyote mimi," nikasema. "Usiku na mchana. Hawatajua."

"Mkono wa mtu haufumuliwi bila mwenyewe. Utachukua vipande vitatu uende navyo mlango kwa mlango. Utasema ulichokifanya, kwa mdomo huohuo. Kisha mtafumua pamoja, akipenda. Huu wangu nitaufumua mimi."

"Na wakikataa?"

"Hilo ungelifikiri siku ya saba."

Nilianza kwa Mwalimu, kwa sababu yeye tayari ana picha mbaya juu yangu, sina cha kuharibu. Alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Nikasimama mlangoni na kipande chake.

"Mwalimu, kuna jambo."

"Kama ni zoezi la Ijumaa, najua hujafanya."

"Ni tumbo, Mwalimu."

"Linauma?"

"La. Ulilolishona. Ni la punda."

Akaweka kalamu chini. Nikaeleza, nikionyesha kwa kidole, hapa ni ubavu, hapa ni goti la mguu wa nyuma. Alikichukua kitambaa akakiinua kwenye dirisha, na ninaapa, dakika hiyohiyo yule punda mwenye pengo akapita nje na mzigo wake wa mawe. Mwalimu akamtazama punda, akatazama kitambaa, akamtazama punda tena.

"Ati nimeshona hili tumbo term nzima?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kila kitundu nilikuwa nakiombea kitoke sawa. Nilitaka hawa kina mama waone nimejua." Akajifunika uso kwa kitambaa, nikadhani atalia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na alipoondoa kitambaa usoni alikuwa anacheka mpaka machozi. "Aki wewe! Nimempigia mama simu kijijini, nimemwambia, mama, nashona maua ya Waswahili."

Tukafumua sehemu ya mstari wa tumbo tukauvunjavunja kuwa vikundi vya maua. Ilituchukua jioni mbili. Akanipa na zoezi la Ijumaa, maradufu, kwa sababu kucheka ni kucheka na kazi ni kazi.

Mama wa bi harusi hakucheka. Nilimkuta katikati ya sinia, sufuria na mashangazi waliokuja kwa harusi kutoka Faza. Nilipofika kwenye neno meno, alinyamazisha jiko zima kwa mkono.

"Lile komamanga?"

"Ndiyo, Bi."

"Nililolionyesha kwa wageni? Lililonifanya nijisifu kwamba punje zimekaa kama lulu?"

"Ndiyo, Bi. Ni... maganda yake ni midomo."

"Kinywa cha punda," akawaambia wale mashangazi, kama vile wanahitaji tafsiri. "Kwenye harusi ya mwanangu." Akanigeukia. "Wewe binti una nini? Ulizaliwa hivi au unajifunza?"

Nikasema najifunza. Halikuwa jibu zuri.

Alifumua mwenyewe. Hakunipa hata sindano nishike. Nilikaa chini miguuni pake nikiokota nyuzi, na kila uzi aliovuta aliuvuta kama ananing'oa mimi nywele. Alifumua midomo yote, akaacha punje chache zilizotawanyika, kama komamanga lililoanguka. Alipomaliza akanitupia kipande. "Mwambie shangazi yako sijakubali. Siku yenyewe nitasimama chini ya pazia nilitazame. Nikiona hata unywele wa punda, turubai langu lipo."

Akabaki Bi Mkubwa, mwenye masikio.

Nilikwenda Jumanne alasiri. Alikuwa amekaa barazani kwake, na aliposikia hatua akaniita, "Ndoo, mwanangu, keti," kabla sijatoa salamu. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Hilo nilikuwa nalijua, kila mtu analijua. Nisilolijua ni kwamba kile kipande alikishona chote kwa vidole. Mjukuu wake alimkwaruzia mistari kwa ncha ya sindano, ikaacha mikunjo kitambaani, na yeye akaifuata mikunjo kwa ukucha. Alikichukua kipande mapajani mwangu akakipapasa mpaka akafika kwenye majani mawili.

"Haya," akasema. "Mato yangu hayayaoni, lakini vidole havinidanganyi. Nimeshona miaka yote hiyo, sijapata kushona majani kama haya. Na sitashona mengine. Sindano nimeirudisha mkebeni."

Nikafungua mdomo. Mdomo ambao haujawahi kunikosa maisha yangu yote. Nikasema, "Ni mazuri, Bi." Nikanywa kahawa, nikarudi na kipande nyumbani kama nilivyokwenda nacho.

Shangazi alikuwa anafumua mkia. "Vipi?"

"Sikuweza kumwambia. Hiki ndicho kipande chake cha mwisho, Shangazi. Anasema hajawahi kushona vizuri hivi. Tukiondoa kichwa cha chini, si yatakuwa majani tu? Ana haja gani ya kujua?"

Akavuta uzi mrefu, akauzungushia kidoleni. "Mara ya kwanza ulimdanganya mtu ambaye hakujua kuuliza. Leo umemdanganya mtu aliyekukaribisha kahawa. Yeye ndiye aliyeweka sharti. Leo nikimficha, kesho nitamwambia nini kuhusu ahadi yangu?"

Basi Jumatano nikarudi. Nilisema yote kwa pumzi moja nikiwa nimesimama, ili nikifukuzwa nisisumbuke kuinuka. Bi Mkubwa akanyoosha mikono, nikampa kipande. Akalizunguka jani la kulia kwa kidole. Akazunguka la kushoto. Kidole kikasimama penye pengo.

"Punda wa nani?"

"Yule wa mawe, Bi. Mwenye shikio lililokatika."

"Alaa." Akapapasa tena. "Mimi nikadhani jani limeliwa na mdudu. Nikasema, mtoto huyu ana mato, ameona hata jani lililoliwa, hakuna mchoraji anayechora jani bovu. Nikalishona pale kwa uzi maradufu lisifumuke."

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Hunicheki?" akauliza.

"La, Bi."

"Mbona? Si ndiyo kazi yako?" Kisha yeye mwenyewe akacheka, kicheko kidogo kikavu, kikaisha haraka. "Umenishonesha mnyama mimi, kwa mikono hii. Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Lakini sifumui. Nikikifumua, chengine nitakishona lini? Sikiza. Kitwa kimeondoka?"

"Kimeondoka, Bi. Meno, tumbo, yote."

"Shikio bila kitwa ni jani. Na jani huwa na kikonyo. Chora kikonyo kutoka hapa hadi hapa, kiende kwenye tawi. Kisha ushone."

"Nani, mimi? Bi, mimi nachora tu. Sijui kushona."

"Na mimi sioni," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nilichora kikonyo, na alasiri nzima nilikitoboa na kukizungushia uzi, yeye akishika ncha ya kitambaa na kukipima kwa kidole kila baada ya vitundu vitatu. "Umevuta sana." "Umelegeza." "Hapa umefanyaje, umepiga ngumi?" Nilijichoma mara nyingi, na kila nilipojichoma alisema "naam," kana kwamba sindano inajibu swali lake. Kitundu kimoja kilinichukua muda ambao mimi ningechora ua zima. Nilifikiria tumbo la Mwalimu. Nilifikiria punje za lulu. Nilijua kuchora ni kazi. Sikujua ni kazi nyepesi kiasi kile.

Asubuhi ya Alhamisi Shangazi akaunganisha vipande kumi na viwili, na baada ya swala ya adhuhuri pazia likapandishwa uchochoroni. Pembe za nyati zilikuwa zimeanza kugongwa ndani. Mama wa bi harusi akatoka na buibui lake, turubai limekunjwa chini ya kwapa, akasimama katikati ya ndia, akainua uso. Shangazi alisimama kando, mikono ameikunja, hasemi neno. Ni mara ya kwanza nilimwona amenyamaza kwenye harusi. Jua lilikuwa linapita vitunduni, likimwaga nukta juu ya kuta, juu yetu, juu ya uso wa mama yule. Alianzia kona ya kushoto akaja taratibu, kipande kwa kipande. Akafika katikati. Akakaa hapo.

"Majani haya ni ya nani?"

"Yangu," Bi Mkubwa akajibu. Mjukuu alikuwa amemshika mkono, alikuwa amewahi kufika kuliko wote.

"Mashaallah. Na huu mstari uliopindapinda chini yake, kama nyayo za kuku mlevi, ni mkono wa nani?"

Wanawake wote wakanigeukia. Walikuwa wanajua. Mtaa wetu ukimwambia mtu wa kwanza, wa mwisho anakuwa ameshasikia.

"Wangu, Bi."

"Unaonekana." Akatazama tena, muda mrefu, akitafuta ule unywele. Kisha akachukua turubai kwapani akampa Mwalimu, aliyekuwa karibu yake. "Mpelekeni bwana huyu akafunike kuni. Wakati wake umekwisha."

Vigelegele vikapasuka hadi njiwa wakaruka. Shangazi akafungua mikono. Hakunitazama, ila alipoingia ndani sauti yake ndiyo iliyoanza wimbo, na ubeti wa pili ulikuwa juu yangu. Sitauandika hapa. Nina heshima yangu kidogo iliyobaki na wadogo zangu wanajua kusoma.

Bi harusi alipita chini ya pazia, akainua macho kutafuta majani, akayapata, akauma mdomo asicheke wanja usimwagike. Watu wote walipoingia, Bi Mkubwa alibaki nyuma. Akamwambia mjukuu amsogeze karibu zaidi, akainua mkono. Pazia lilikuwa limening'inia chini kiasi cha kufika. Akayagusa majani yake, la kulia, la kushoto, pengo. Kisha kidole kikateremka kwenye kikonyo changu polepole, kikafika penye kile kitundu cha ngumi, kikasimama.

"Hapa ulikuwa na haraka," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Tutakifumua. Si leo. Leo ndoo unishike, huyu mtoto anataka kucheza."